Jabia: Maji ya Mvua ni ya Wote

Leo tunakwenda visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Huko bahari iko kila upande, lakini maji ya kunywa ni shida.

Chini ya ardhi ya visiwa hivyo kuna maji matamu kidogo tu, yamekaa juu ya maji ya chumvi. Mkichota kupita kiasi, chumvi inapanda kisimani. Kisiwa cha Manda kilikuwa na mji unaoitwa Takwa. Katika karne ya 17 watu waliuhama, wakavuka kwenda Shela. Inasemekana sababu moja ni visima kuingia chumvi. Mpaka leo watu wa Shela hurudi Takwa kuomba mvua, penye kaburi la zamani lenye mnara.

Kwenye visiwa vingine, kama Pate na Ndau, watu walijenga jabia. Ni uwanja mpana wenye mteremko, uliosakafiwa kwa chokaa ya mawe ya matumbawe yaliyochomwa. Siku hizi hutumia pia saruji. Mvua ikinyesha, maji yanateremka mpaka kwenye tangi lililochimbwa chini na kufunikwa, ili jua lisiyakaushe.

Ndugu yangu, nyumba moja haiwezi kusakafia uwanja mkubwa hivyo. Na mbuzi mmoja akipita juu yake, uchafu wake unaingia kwenye kikombe cha kila mtu. Kwa hiyo kila anayekunywa ni mlinzi.

Sasa tujiangalie hapa kambini. Tunapanga jerikani tangu alfajiri, halafu mvua ikija inakimbilia mtaroni. Mfereji wa paa la shule ukivunjika, tunasubiri shirika. Shirika linaweza kuleta tangi, lakini kufagia paa ni kazi yetu.

Kabla ya mvua, kaeni na majirani mpatane. Safisheni paa na mifereji. Maji ya kwanza yamwageni, yanabeba vumbi na mavi ya ndege. Funikeni tangi, mbu wasizaliane. Ya kunywa chemsheni au tieni dawa. Chagueni watu wawili wa kushika ufunguo, na mmoja awe mama, kwa sababu akina mama ndio wanaojua nyumba ipi imelala bila maji.