Kompyuta ya Sinema Nyumbani: Chagua Vipuri kwa Hesabu

Mada kwa wakazi wa Kisumu Ndogo, Malindi



Tangu matangazo ya televisheni nchini yahamie dijitali mwaka 2015, wengi wamezoea king'amuzi. Sasa wapo vijana wanaotaka kujitengenezea kompyuta ya kuunganisha na runinga, icheze filamu, mpira, muziki na masomo ya watoto. Ni wazo zuri. Lakini kipuri kisichofaa hupoteza akiba ya familia, na stima iliyounganishwa vibaya huweza kuchoma nyumba.

Jambo la kwanza ni kujua kazi ya mashine. Kompyuta ya kutazama filamu si ya michezo ya video. Haihitaji kadi ya picha ya bei ghali, kwani prosesa nyingi za Intel Core zina uwezo wa picha ndani yake.

Hata hivyo, angalia kizazi cha prosesa. Filamu nyingi siku hizi hubanwa kwa mfumo wa H.265 ili zisijaze diski. Prosesa kongwe huzifungua kwa taabu: picha inakwama na feni inavuma. Kizazi cha 6 cha Intel hufungua H.265 ya kawaida bila shida; cha 7 hufungua hata ile ya biti 10. Soma namba: i5-6500 ni kizazi cha 6, na i5-7500 ni cha 7. Muuzaji akisema tu "hii ni i7", bado hajasema kitu. i7-2600 ni ya zamani kuliko i3-7100, na kwa kazi hii i3 hiyo ndiyo bora.

Jambo la pili: kujenga au kununua ya mtumba? Kompyuta ndogo za ofisi kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre huja vipuri vikiwa vimeshalingana. Kasoro yake ni kwamba pawa saplai ya nyingi kati yake ina umbo la kampuni yenyewe. Ikiungua, ya kawaida ya dukani haiingii.

Anayejenga mwenyewe ahakikishe prosesa inakubaliana na bodi kuu, na memori pia: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa ina hatari. Ukinunua kipuri kimoja kila mwezi, dhamana ya cha kwanza inaweza kuisha kabla mashine haijawashwa. Afadhali kuweka akiba, kisha kununua vyote kwa pamoja.

Memori ya GB 8 inatosha. Weka SSD ya GB 240 kwa ajili ya mfumo, na diski kubwa ya kawaida kwa filamu. Tazama pia tundu la HDMI, maana waya wa VGA hupitisha picha bila sauti. Programu za Kodi na VLC ni za bure. Windows 10 iliacha kupewa ulinzi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine kongwe itumie Linux.

Jambo la tatu ni stima. Mashine inayokula wati 40, ikiwaka saa 5 kwa siku, hutumia yuniti 6 kwa mwezi. Ikila wati 150, ni yuniti 22 na nusu. Tofauti hiyo mtaiona kwenye tokeni. Nunueni kifaa cha kulinda mashine stima inapopanda na kushuka. Plagi ya pini tatu isikatwe pini ya ardhi, kwa sababu kasha la kompyuta ni chuma na watoto hulishika. Msichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, wala msivute waya kutoka kwa jirani. Mwiteni fundi mwenye leseni.

Pwani ina chumvi na unyevu, navyo hula chuma. Mashine ikae juu ya meza, mbali na ukuta wa mabati yenye joto, na vumbi lipanguswe mara kwa mara.

Anayetaka kuonyesha filamu kwa kiingilio ajue hilo ni onyesho la hadhara. Aanzie kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) kwa leseni, na apate ruhusa ya wenye hakimiliki.

Mwisho, kabla ya kulipa, nendeni na filamu ya H.265 kwenye flashi. Ichezwe dukani kwa dakika kumi. Sikilizeni feni, gusa kasha kama linachemka, kisha mdai risiti yenye muda wa dhamana. Muuzaji akikataa kuiwasha, rudini na pesa zenu nyumbani.