Chui Aliyezaliwa Kwenye Matope ya Pamba

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji,

Leo sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Majuma matatu yaliyopita, katika mazungumzo haya haya, nilisema kwamba alama ya chui mweusi, ile ya vijana wa Kimarekani waliojiita Black Panther, ilibuniwa katika mji wa Oakland, huko California, mwaka 1966. Nililisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Siku iliyofuata nikakutana na mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa mtaani kwetu, kwenye kituo cha daladala. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia upesi kama ilivyo kawaida yake.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Mwanangu, chama cha Oakland kilianzia Oakland, hapo sina ugomvi na wewe. Lakini chui yule hawakumbuni wao. Chui katoka Alabama, kwenye kaunti ya wakulima wa pamba. Kasome, kisha urudi huko redioni uwaambie watu."

Basi nimesoma, na nimerudi.

Kaunti hiyo inaitwa Lowndes. Neno kaunti sisi Watanzania tumelizoea zaidi kwa jirani zetu wa Kenya, ambao tangu mwaka 2013 wana serikali za kaunti 47. Marekani zipo zaidi ya 3,000. Ukitaka kuielewa kaunti ya Kimarekani, fikiria kitu kama wilaya, chenye mahakama yake, bodi yake ya shule, mtoza kodi wake, na mkuu wa polisi anayeitwa sherifu. Wengi wa wakubwa hao hawateuliwi kutoka juu, bali huchaguliwa kwa kura za wakazi wenyewe. Jambo hilo la kura tuliweke kiporo, tutalirudia.

Lowndes iko katikati ya jimbo la Alabama. Magharibi yake kuna mji wa Selma, na mashariki Montgomery, makao makuu ya jimbo. Upande wa kaskazini mpaka wake ni mto Alabama. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,880 hivi, yaani inauzidi mkoa mzima wa Dar es Salaam. Lakini sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo watu 10,311 tu. Hapa mjini ziko kata zenye watu mara kadhaa ya hao. Hata Hayneville, ambao ndio mji mkuu wa kaunti, sisi tungeuita kijiji.

Kiini cha habari yote hii ni udongo. Lowndes imo katika eneo linaloitwa Ukanda Mweusi, ambako juu kuna udongo mzito wa mfinyanzi na chini yake tabaka la chokaa. Ndugu zetu wakulima wa Shinyanga na Simiyu wanaujua udongo wa namna hiyo, ule wa mbuga, ambao mvua ikinyesha hunata kwenye kiatu mpaka mtu akashindwa kuinua mguu, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kutumbukiza mkono. Kujenga juu yake ni taabu, lakini pamba huupenda.

Kabla ya pamba, nchi hiyo ilikuwa ya Wahindi Wekundu wa kabila la Creek. Tarehe 23 Desemba 1813 jeshi la Marekani lilikishambulia kijiji chao kitakatifu kilichokuwa kwenye genge la mto Alabama, ndani ya eneo ambalo leo ni Lowndes. Mwaka uliofuata Wacreek walilazimishwa kutia saini mkataba uliowanyang'anya zaidi ya ekari milioni 20. Kaunti ikaundwa mwaka 1830, ikapewa jina la mwanasiasa wa South Carolina, William Lowndes. Matajiri wa pamba wakaja na watumwa wao.

Sikiliza sasa hesabu. Sensa ya mwaka 1860 ilikuta Lowndes watu 27,716. Kati yao 19,340 walikuwa watumwa, na Waafrika waliokuwa huru walikuwa 14. Nimesema kumi na wanne, ndugu msikilizaji, sikukosea kusoma.

Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1865, lakini ardhi ilibaki mikononi mwa wale wale. Mtu mweusi akalima kwa mapatano ya kugawana mazao: shamba la bwana, mbegu na nyumbu kwa mkopo wa bwana, na mwisho wa msimu hesabu ikapigwa na bwana huyo huyo. Kisha mwaka 1901 jimbo la Alabama likatunga katiba iliyoweka kodi ya kupigia kura na mtihani wa kusoma, ili mtu mweusi asikaribie sanduku. Wakati huo Lowndes ilikuwa na watu 35,651, na zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa weusi. Watu walipoona hapakaliki walianza kuhama, wengine Detroit, wengine Chicago. Mdudu akaishambulia pamba, mashine zikachukua kazi ya mikono, na kufikia mwaka 1960 walikuwa wamebaki watu 15,000 hivi.

Sasa tufunue kile kiporo. Mwanzoni mwa mwaka 1965 watu weusi walikuwa kama asilimia 80 ya wakazi wa Lowndes, na aliyeandikishwa kupiga kura hakuwapo hata mmoja. Kwa upande wa wazungu, daftari lilionyesha walioandikishwa ni zaidi ya asilimia 100 ya waliostahili. Yaani marehemu na waliokwisha kuhama nao walikuwa wapiga kura wazuri tu. Kwa hiyo sherifu, mtoza kodi, bodi ya shule, wote walikuwa watu wa upande mmoja, na mkulima mweusi akidhulumiwa alikwenda kushtaki kwa waliomdhulumu.

Mwezi Machi mwaka huo Dk. Martin Luther King aliongoza maandamano kutoka Selma kwenda Montgomery. Barabara hiyo, namba 80, hupita Lowndes. Mahakama iliamuru kwamba pale inapokuwa nyembamba waandamanaji wasizidi 300. Usiku wa tarehe 25, maandamano yalipokwisha, mama mmoja mzungu kutoka Detroit, Viola Liuzzo, mwenye watoto watano, aliyekuwa akiwasafirisha watu kwa gari lake, alipigwa risasi na kufa kwenye barabara hiyo, ndani ya Lowndes. Tarehe 20 Agosti, pale Hayneville, mwanafunzi wa uchungaji, Jonathan Daniels, naye mzungu, alimsukuma kando msichana mweusi wa miaka 17, Ruby Sales, na risasi iliyokusudiwa binti huyo ikamuua yeye. Muuaji alifikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, nao wakamwachia huru.

Waandamanaji walipokwenda zao, kijana mmoja alibaki. Huyu ni Stokely Carmichael, ambaye baadaye alihamia Guinea na kujiita Kwame Ture. Alimkuta mwenyeji aitwaye John Hulett, mmoja wa weusi wa kwanza kujiandikisha, na wenzake ambao tayari walikuwa wamejipanga. Kwa maoni yangu hapa ndipo vitabu vingi huwapunja wakulima wa Lowndes, kwa kumpa Carmichael sifa yote. Mgeni aliweza kuondoka wakati wowote. Hulett na wenzake walikuwa na nyumba, watoto na madeni pale pale.

Wakaunda chama chao wenyewe cha kaunti. Sheria ya Alabama ilitaka kila chama kiwe na picha kwenye karatasi ya kura, kwa sababu wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Chama cha Democrat cha jimbo hilo kilikuwa na jogoo mweupe, na hadi mwanzoni mwa mwaka 1966 maneno yaliyoambatana na jogoo huyo yalitangaza waziwazi ukuu wa mtu mweupe. Wakulima wa Lowndes wakachagua chui mweusi. Hulett alieleza kuwa chui akisukumwa hurudi nyuma, na kurudi tena, mpaka akifika ukutani. Hapo ndipo hutoka kupigania uhai wake. Mwezi Oktoba 1966 Huey Newton na Bobby Seale wa Oakland wakaichukua alama hiyo pamoja na jina. Mmoja wa waliokuja kuongoza tawi la chama hicho cha Oakland, Pete O'Neal wa Kansas City, alihamia Tanzania mwaka 1972 na kuweka makazi Imbaseni, karibu na Arusha. Unaona jinsi chui wa Lowndes alivyotembea.

Gharama ya kujiandikisha ilikuwa kubwa. Wenye mashamba waliwafukuza wapangaji wao waliothubutu, na Desemba 1965 familia kadhaa zikahamia kwenye mahema kando ya ile barabara namba 80. Baridi ya Alabama si ya mchezo, na usiku kulikuwa na watu waliopita na magari wakiyafyatulia risasi mahema hayo. Baadhi ya familia zilikaa humo zaidi ya miaka miwili. Na uchaguzi wa Novemba 1966 ulipofika, wagombea saba wa chui walishindwa wote. Wenye mashamba walikuwa wamewaleta vibarua wao vituoni kwa magari, wamewaelekeza pa kutia alama.

Lakini mwaka 1970 Hulett alishinda usherifu, kiti kile kile cha mtu aliyeogopwa na wazazi wake, na alikikalia kwa miaka 22.

Wasimuliaji wengi hufunga kitabu hapo. Mimi ningefunga pia, kama si udongo. Udongo ule unaoshika maji kwa ajili ya pamba haunywi maji ya chooni. Katika vijiji vya Lowndes nyumba nyingi hazina bomba la majitaka la serikali; kila mwenye nyumba atajijua. Tangi la kawaida likichimbwa, mvua ikinyesha uchafu hurudi ndani kupitia sinki na bafu. Mfumo unaofaa udongo huo hugharimu maelfu mengi ya dola, na wanaouhitaji ni maskini. Kwa hiyo wengine huelekeza bomba uani, na kinyesi hujikusanya hatua chache kutoka mlangoni, pale watoto wanapochezea. Na kulikuwa na wakati serikali iliwatishia watu hao kifungo kwa kukosa tangi! Mwanaharakati aliyekulia huko, Catherine Coleman Flowers, ndiye aliyelipigia kelele jambo hili mpaka likasikika nje ya Alabama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima watu 55 wa kaunti hiyo, na 19 kati yao wakakutwa na dalili za minyoo ya safura. Safura hii hii tuliyofundishwa shule ya msingi kwamba dawa yake ni kuvaa viatu na kuchimba choo.

Mwaka 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya Alabama ili tatizo hilo lishughulikiwe. Aprili 2025 serikali ya Rais Trump iliyavunja makubaliano hayo, ikisema yalikuwa ya upendeleo wa rangi. Idara ya jimbo ikajibu kwamba itaendelea na kazi hadi fedha zilizokwisha tengwa zitakapomalizika.

Juzi nilimpitia mwalimu nyumbani kwake, nikamsomea mazungumzo haya kabla ya kuyaleta kwenu, maana sikutaka anikamate tena kituoni. Alisikiliza yote, na kuhusu Hulett alitikisa kichwa kwa furaha. Halafu akaniuliza: "Sasa hao wajukuu wa waliolala kwenye mahema, wameshapata vyoo?"

Nikamwambia, wachache, mwalimu. Wengine bado wanasubiri.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.