Kura 24 kwa Mia, Viti 7: Somo la Prussia, 1908

(Nilichozungumza kwenye kongamano la vijana Jumamosi. Wengi mmeomba maandishi, haya hapa.)

Sitawachosha, najua pilau imeshaiva huko nyuma.

Tumebishana tangu asubuhi: sheria ya uchaguzi ikiwa mbovu, tushiriki au tususie? Naomba niwapeleke Ujerumani, Juni 1908, uchaguzi wa bunge la Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya himaya ya Kaiser. Ndiyo, Kaiser huyohuyo ambaye majeshi yake yalikuwa yametoka tu kuwamaliza babu zetu wa Maji Maji.

Sheria yao ilikuwa hivi. Wanaopiga kura ni wanaume tu. Wanapangwa kwa kodi wanayolipa, kisha wanagawanywa madaraja matatu, kila daraja likibeba theluthi ya kodi yote. Kila daraja linachagua idadi sawa ya wajumbe, na wajumbe ndio wanaomchagua mbunge. Daraja la kwanza lilikuwa na watu kama 4 katika kila 100. La tatu, la wavuja jasho, zaidi ya 80. Mjini Essen, kwenye uchaguzi wa halmashauri wa mtindo huohuo, kuna wakati Krupp, tajiri wa chuma, alikuwa daraja la kwanza peke yake. Mtu mmoja, theluthi ya madiwani!

Halafu hakuna kura ya siri. Unataja chaguo lako kwa sauti, na bosi wako anasikia. Hapo nani ana ubavu?

Chama cha wafanyakazi, SPD, kilisusia miaka mingi. Mwaka 1893, mkutano wao wa Cologne ulishikilia msimamo huo. Mwaka 1903 wakaingia kwa nguvu zote: karibu kura 19 kwa mia, viti sifuri. Fikiria hao waliosema "tuliwaambia" walivyotamba! Mwaka 1908 wakarudi: karibu 24 kwa mia, viti 7 kati ya 443. Wahafidhina, wenye kura chache kuliko wao, walizoa viti zaidi ya 150. Mmoja wa wale saba, wakili Karl Liebknecht, alichaguliwa akiwa kifungoni kwa sababu ya kitabu alichoandika kupinga ubabe wa kijeshi.

Mimi nasema walifanya sawa kuingia, na si kwa sababu ya viti saba. Sisi wa sheria tunapenda ushahidi. Aliyesusia anasema "tungeshinda", nani atathibitisha? Hawa walikuwa na namba mkononi, na wakaingia nazo barabarani. Machi 1910 polisi walipiga marufuku maandamano Berlin. Wakatangaza watakutana Treptow, polisi wakajazana huko, watu wakaibukia Tiergarten!

Sheria haikubadilika, nisiwadanganye. Mwaka 1913 walipata kura 28 kwa mia, viti 10. Mfumo ule uliangushwa na mapinduzi ya Novemba 1918, baada ya vita. Kwa hiyo wanaosema sanduku peke yake halitoshi, nao wana hoja.

Na dada zangu: wanawake wa Prussia waliruhusiwa kujiunga na vyama vya siasa Mei 1908, wiki chache kabla ya uchaguzi ule. Kura yenyewe waliisubiri hadi Januari 1919.

Haya, maswali. Tuanze na kamanda wa pale nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Krupp.