Safari Yetu ya Kwenda Kupanda Kiberenge

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanakisomo wa Nyarugusu)



Tumeombwa tueleze habari za safari ya Isaka. Wenzetu waliobaki nyumbani wanauliza maswali mengi. Wengine wanasema tulikula fedha za kikundi. Wengine wanasema tulipanda kiberenge mpaka Tabora. Yote mawili si kweli. Basi tutaeleza kama ilivyokuwa. Na pale tulipokosea sisi walimu, tutasema pia.

Kwanza, kiberenge ni nini? Sisi watu wa Nyarugusu hatuna reli. Tunajua duara, karasha na pikipiki. Kiberenge ni gari dogo la relini. Kina magurudumu manne ya chuma na mahali pa kukaa watu wachache. Vya zamani vilisukumwa kwa mikono. Baadaye vikatiwa injini ndogo. Kazi yake ni kubeba mafundi wa reli na vyombo vyao: spana, nyundo, mitaimbo na makoleo. Wanapita polepole wakikagua njia. Je, nati imelegea? Taruma limeoza? Mvua imechukua kokoto?

Wazo la safari lilitoka kwa kijana mmoja wa darasa letu. Alituonyesha picha kwenye simu. Wazee wa Kimarekani, wenye mvi, wamepanda viberenge vilivyopakwa rangi nzuri. Wanapita msituni na kando ya mto, wanacheka. Tukauliza, hawa ni mafundi? Hapana, wanatembea tu.

Habari yenyewe ni hii. Kampuni za reli za Marekani ziliacha kutumia viberenge, zikaanza kutumia magari yanayoweza kupita barabarani na relini. Viberenge vya zamani vikauzwa. Watu wakavinunua, wakavitengeneza upya. Mwaka 1980 wakaanzisha chama chao. Siku za mwisho wa juma hukutana, wakaomba ruhusa kwa wenye reli, wakaondoka kwa msafara. Njia panda husimama, mmoja akashuka na bendera kuzuia magari. Wakifika mwisho wa safari, kiberenge huinuliwa na kugeuzwa kwa mikono, maana hakina usukani. Na sikilizeni hili: mtu haruhusiwi kuendesha mpaka asome kitabu cha kanuni na afanye mtihani. Hata awe na mvi za namna gani.

Mzee mmoja wetu alisema, "Kumbe nao wana kisomo cha watu wazima!" Tukacheka sana. Laiti tungelifikiri zaidi badala ya kucheka.

Basi kikundi kikakata shauri. Watu 23, kila mmoja shilingi 4,000 za kiberenge, mbali na nauli ya gari. Jumla shilingi 92,000. Akatokea mtu aliyesema anafahamiana na watu wa reli. Akapokea fedha, akatupa karatasi. Tulioipokea ni sisi walimu. Tukaikunja, tukaitia mfukoni. Hatukuisoma.

Jumamosi alfajiri tukaondoka, tukapita Kahama, tukafika Isaka. Pale ndipo penye bandari kavu, ambapo mizigo ya Rwanda na Burundi huteremshwa kutoka kwenye treni. Wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuona reli. Mama mmoja aliinama akaigusa kwa kiganja, akasema, "Ina moto kama sufuria."

Ndiyo, chuma hupata moto, na kikipata moto hurefuka. Kwa hiyo reli za namna ile huachiwa nafasi ndogo pale zinapoungana. Zikikosa nafasi huweza kupinda kama nyoka. Hiyo pia ni sababu ya kuikagua njia.

Tulimkuta msimamizi wa mafundi na watu wake. Tukamwamkia, tukamweleza shida yetu, tukampa karatasi. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akauliza, "Imetoka wapi hii?" Kisha akampa mama aliyesimama mbele. Mama huyu aliingia darasani miaka miwili iliyopita, hajui hata a. Akasoma kwa sauti: "Wapewe kiberenge watu 23." Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi. Hakuna jina. Hakuna tarehe. Hakuna mhuri wala saini." Akatugeukia. "Walimu, si nyinyi mliotufundisha stakabadhi wiki mbili zilizopita?"

Ndugu zetu, siku ile tulitamani ardhi ipasuke.

Msimamizi hakutucheka. Akatoa karatasi yake mwenyewe. Ilionyesha anaingia njiani kutoka stesheni gani mpaka stesheni gani, aingie saa ngapi na atoke saa ngapi. Akasema bila karatasi ile hata yeye hapandi. Saa zikifika lazima kiberenge kiwe kimeondolewa njiani, maana treni inakuja. Akatukumbusha ajali ya Machi 2020 mkoani Tanga. Kiberenge kiligongana na treni ya mizigo, wafanyakazi wa reli wakafa. Na hao walikuwa watu wa kazi, si watembezi.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui. Gurudumu la treni ni chuma, na reli ni chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Treni nzito ya mizigo ikiwa katika mwendo, dereva akafunga breki, inaweza kwenda kilometa nzima au zaidi kabla ya kusimama. Anakuona, anapiga honi, anafunga breki, lakini hawezi kukukwepa.

Kiberenge chao kilikuwa kando, nje ya reli. Wakaturuhusu tukikalie kwa zamu, tukapiga picha. Hizo ndizo picha mlizoziona. Kisha wakakiinua, wakakiweka relini, wakaondoka. Injini ililia kama mashine ya kusaga. Sisi tukabaki tunapunga mikono.

Kijana wetu mmoja, mchimbaji, aliokota msumari mkubwa wa reli uliokuwa kwenye kokoto. Akautia mfukoni. Alitaka kwenda kuufua apate tindo ya duarani. Mzee akamwona, akamwambia, "Mwanangu, rudisha." Kijana akabisha, eti ulikuwa chini, hauna mwenyewe. Mzee akamwuliza, "Mtu aking'oa mti mmoja wa matimba ya duara lenu, nawe uko chini, utasema hauna mwenyewe?" Kijana akaenda mwenyewe kuukabidhi stesheni. Tunalisema hili kwa idhini yake. Chuma cha reli huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na watakaoanguka na treni ni sisi na jamaa zetu.

Tulikaa chini ya mti tukazungumza. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Tawi la kutoka Tabora lilijengwa na Waingereza, likafika Mwanza 1928. Upana wake ni mita 1. Reli mpya, ambayo ujenzi wa kipande chake cha Mwanza hadi Isaka ulianza 2021, ina upana wa milimita 1,435. Tukawaeleza pia habari za Mombasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji ule ulikuwa na vijireli vyembamba barabarani. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikaa kwenye vigari vyenye kivuli cha turubai, na Waafrika wakawasukuma kwa miguu juani. Mama yule akauliza, "Na wanaosukuma walipanda lini?" Hatukuwa na jibu.

Kiberenge kilirudi, kikatolewa njiani. Baadaye kidogo treni ya mizigo ikapita na makontena. Ardhi ilitetemeka. Tulihesabu mabehewa: wengine walipata 19, wengine 21. Ubishi huo bado unaendelea.

Sasa fedha. Yule mtu hapatikani kwa simu. Tumetoa taarifa polisi. Lakini kosa la kutosoma ni letu walimu, kwa hiyo shilingi 92,000 tunazilipa sisi. Nusu imekwisha kurudishwa kwa mweka hazina, na stakabadhi ipo ukutani pale. Ina jina, tarehe na saini. Nusu iliyobaki tutailipa mwisho wa mwezi.

Na safari ya pili? Wengi wanaitaka, safari hii kwa treni ya abiria, kwa tikiti. Mama yule ameandika barua ya kumwuliza mkuu wa stesheni siku za treni na nauli. Tutaisoma hapa Jumatano kabla ya kuitia saini. Anayetaka kuongeza neno aje na kalamu.