Mifupa ya Mawe Katika Mito Yetu

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na wachota mchanga, semina ya parokia, kando ya ziwa

Niliitwa hapa kuzungumza juu ya daftari za hesabu, na daftari nimekuja nazo. Lakini mambo yaliyotokea wiki iliyopita katika kile kikundi cha mchanga yamenifanya nianze na habari nyingine, na Padre amekubali. Hesabu tutafanya baada ya chai.

Wengi mmesikia. Alhamisi vijana walikuwa wanachota mchanga kijitoni, koleo likagonga kitu. Wakatoa jino kubwa, zito kama jiwe, na vipande vya mifupa nusu gunia. Jumamosi akaja mtu na gari, hatujui ametoka wapi, akasema atatoa shilingi elfu tatu kwa gunia lote, na zaidi kama watamchimbia mengine. Kikundi kikagawanyika. Wengine wakasema tuuze, tumalize deni la lori. Wengine wakasema hiyo ni mifupa ya watu wa kale, irudishwe mtoni kabla hatujapata balaa. Mweka hazina wao, mama mwenye akili, akafunga gunia kwa kamba na kulala nalo chini ya kitanda. Mpaka leo Jumanne liko huko.

Kwanza, mama, lala salama. Hiyo si mifupa ya ukoo wa mtu yeyote. Mnyama akifa porini, fisi na jua na mvua humaliza mifupa yake kwa miaka michache. Mmoja kati ya wengi sana hufunikwa upesi na matope ya mto au jivu la volkano. Maji yanayopita katika udongo hubeba madini, nayo huingia katika vitundu vya mfupa na kukaa humo kidogo kidogo, hata mfupa unakuwa jiwe, lakini umbo lake linabaki lile lile. Wataalamu wanaita kitu hicho kisukuku. Huku kwetu volkano ya zamani ya Kisingiri, ambayo kiini chake ni vilima vya Rangwa, ilimwaga majivu mengi, na ndiyo sababu Rusinga ina visukuku vya miaka kama milioni 18. Si mifupa tu. Kuna matunda, mbegu na hata wadudu waliogeuka mawe. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapo Rusinga fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia, lililojulikana duniani kote kwa jina la Proconsul.

Mtajuaje kisukuku na jiwe la kawaida? Kipime mkononi. Kisukuku ni kizito kuliko mfupa wa ng'ombe wa ukubwa ule, na ukikigonga kidogo kwa kokoto kinalia kama jiwe. Halafu tazama pale palipovunjika. Jiwe la kawaida ndani ni sawasawa, lakini mfupa una vitundu vidogo kama mkate, na pembeni ganda lililoshikana. Rangi isiwadanganye, inaweza kuwa nyeusi, kahawia au hata nyeupe, kufuatana na udongo. Wataalamu wengine hukigusa kwa ulimi kuona kama kinanata. Mimi sitawaambia mlambe vitu vya mtoni, kichocho kipo na dawa yake mnaijua.

Meno ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu yana ganda gumu linalong'aa hata baada ya miaka hiyo yote. Jino la tembo lina matuta matuta kama shamba lililolimwa vizuri. La mamba ni kama pembe ndogo. La kiboko likichakaa linaonyesha alama kama majani ya ua. Gamba la kobe huja kama vigae vyenye mistari ya kuungana. Na mkiona jino lenye vilima vya mviringo kama magego yenu wenyewe, hapo simameni kabisa, msiguse hata kokoto ya jirani.

Sasa niwaambie kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi sehemu hizi nilivuka kijito nikitoka mkutanoni, nikaona taya lenye meno limelala kwenye kokoto. Nikalitia mfukoni. Likakaa ofisini miaka mingi likizuia karatasi zisipeperuke. Siku moja akaja mgeni anayefanya kazi ya visukuku, akaliona, akaligeuza geuza. Akasema ni la aina ya nguruwe wa zamani. Akaniuliza, kijito gani? Ukingo upi? Juu yake kulikuwa na udongo wa rangi gani? Nilichokumbuka ni kwamba ilikuwa jioni na viatu nilikuwa nimevishika mkononi. Hakunigombeza. Aliliweka juu ya karatasi zangu polepole, akazungumza habari nyingine. Afadhali angenigombeza.

Maana umri wa kisukuku mara nyingi haumo ndani ya mfupa wenyewe. Unapatikana katika tabaka la udongo au jivu lililoufunika. Ukiutoa bila kujua mahali, umebaki na jiwe zuri la kuzuia karatasi. Yule mtu wa gari akinunua gunia, mahali hakununui, na mahali ndipo penye habari.

Na vipande visigawanywe. Mwaka 1951 huko Rusinga palichimbwa mifupa ya Proconsul mmoja. Ilipofika 1980, wataalamu wakakuta vipande vingine vya mnyama huyo huyo katika makumbusho, vimechanganywa na mifupa ya wanyama wengine. Kama kila mmoja angekuwa amepeleka kipande nyumbani kwake, vingeunganishwa wapi?

Wengine mnasema haya ni mambo ya wasomi. Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, hakufika mbali shuleni. Mwaka 1984 alikuwa na kikundi chake kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Siku ya kupumzika, wenzake wakipumzika, yeye akatoka kutembea. Akaona kipande cha fuvu kidogo, rangi moja na kokoto zilizokizunguka. Wakachekecha udongo wa mahali pale kwa subira, na ukapatikana karibu mwili mzima wa kijana aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Na hapa karibu, Nyayanga katika rasi ya Homa, ni mwenyeji aliyewaeleza watafiti kwamba mifupa na mawe yanajitokeza. Uchimbaji ulianza 2015. Mwaka 2023 wakatangaza zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa nyama. Huyo mwenyeji hakunyamaza. Alisema.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka hivyo hivyo. Vitu hivi ni mali ya taifa. Kuvitafuta kwa kuchimba bila leseni ni makosa. Aliyevikuta aarifu Makumbusho katika siku saba, aeleze mahali hasa, na kitu kiliwe kimetoka kikabidhiwe. Kwa hiyo kilichoshikwa na udongo kiacheni hapo hapo. Mwenye simu nzuri apige picha, aweke kiberiti kando ukubwa uonekane, kisha apige nyingine ya mbali yenye mti au daraja. Karani aandike hatua ngapi kutoka darajani. Kama kitu kimelala mtoni kikiwa laini, kimeviringika kama kokoto, kimetoka mbali. Kama kingo zake bado ni kali, ukingo uliokitoa uko karibu upande wa juu wa mto. Tembeeni kuutazama, lakini bila jembe.

Na pesa je? Nisiwadanganye. Msitegemee kulipwa kwa jino. Lakini watafiti wakija wanahitaji wachimbaji, walinzi, maji na chakula, na kikundi kilichoandikishwa, chenye daftari safi, kinaweza kukaa nao mezani na kuomba kazi hizo mapema, kabla hawajaleta watu wa mjini. Hayo ndiyo mazungumzo ya kufanya, si ya elfu tatu.

Mama mmoja ameniuliza kama kuamini miaka hii yote ni kumkana Adamu. Hapana, mama. Papa Pius wa 12 aliruhusu wasomi wachunguze asili ya mwili wa binadamu tangu mwaka 1950, akisisitiza kwamba roho inaumbwa na Mungu mwenyewe. Papa Yohane Paulo wa 2 alilizungumzia tena mwaka 1996, na hakuliogopa. Na ndugu zetu Waanglikana walikuwa na Arkidikoni Walter Owen, yule aliyesimama na wananchi katika mambo ya kodi, ambaye mwenyewe alizunguka sehemu hizi akitafuta visukuku.

Basi, kutoka Alhamisi tumebakiwa na siku mbili. Nimezungumza na mzee chifu, ataandika barua leo. Kesho gunia linakwenda Makumbusho ya Kisumu, mweka hazina na vijana wawili waliolikuta wafuatane nalo, wapewe hati ya kupokelewa. Nauli tutachanga hapa kabla ya kuondoka. Ule ukingo uzungushiwe kamba, na lori la Ijumaa lichote chini ya daraja. Mchanga wa chini una matope kidogo, najua, na bei itashuka. Tutaona katika hesabu imeshuka kiasi gani. Chai iko tayari.