Farasi Hutangulia: Khabari za Wakalmiki na Mifugo Yao



Katika miaka yetu ya kufundisha jiografia tumewasomesha watoto wengi kwamba wafugaji wahamao ni watu wa kutangatanga, waendao popote wapendapo. Maneno hayo tuliyakuta vitabuni, nasi tukayakariri bila ya kuyapima. Leo twataka kuyapima kwa khabari za kabila moja, yaani Wakalmiki, ambao nchi yao iko katika Urusi, upande wa kaskazini-magharibi wa Bahari ya Kaspi, karibu na mwisho wa mto Volga.

Asili yao ni Wamongolia wa magharibi. Katika karne ya 17 walitoka kati ya bara ya Asia pamoja na wanyama wao, wakazishika mbuga za Volga, wakakaa na lugha yao na dini yao ya Buddha. Mbuga zile ni tambarare na kavu, wala hazina miti. Wakati wa joto jua huunguza, na wakati wa baridi upepo hukata kama wembe. Mkulima huko alikuwa akibahatisha tu. Kwa hiyo mali ya Mkalmiki ilikuwa mifugo ya namna nne: farasi, ng'ombe, kondoo, na ngamia wa nundu mbili.

Kila mnyama alikuwa na kazi yake. Kondoo, ambaye ni wa namna ya mkia wa mafuta, alitoa nyama, na sufu yake ilishindiliwa kwa maji hata ikawa nguo nene ya kufunikia hema. Ngamia alichukua hema hilo siku ya kuhama, pamoja na fito zake na masanduku. Ng'ombe wao wekundu wana sifa ya kunenepa upesi kabla ya baridi, na mafuta hayo ndiyo akiba yao ya miezi ya njaa. Hata samadi ilikaushwa ikawa kuni, na juu ya moto huo wanawake walipika chai ya maziwa, siagi na chumvi. Wageni wengi hushangaa kusikia chumvi katika chai, bali mtu atokaye kwenye baridi kali huifurahia.

Lakini twataka kukaa zaidi kwa farasi. Farasi wa Kikalmiki si mrefu, wala hapendezi macho kama wa Kiarabu. Ila ni mvumilivu mno. Mwaka 1812 Wafaransa walipoingia Urusi, Wakalmiki walitoa askari wapanda farasi, na mwaka 1814 baadhi yao waliingia Paris. Farasi hao hawakulelewa zizini kwa shayiri. Walikaa mbugani mwaka mzima, kila farasi dume na majike yake, akiwalinda na mbwa mwitu. Mchungaji alipotaka kumkamata mmoja, alimfuata mbio juu ya farasi mwingine, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi cha kamba. Majike walikamuliwa mara nyingi kwa siku, na mtoto wa farasi husimama karibu ili maziwa yashuke. Maziwa hayo yalichachushwa katika kiriba cha ngozi, na kinywaji hicho huitwa chigan.

Na kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ilionekana theluji ilipoanguka. Zamani Wakalmiki hawakuweka akiba kubwa ya majani makavu. Wanyama walijitafutia chakula chini ya theluji. Farasi hujua kufukua theluji kwa kwato zake hata ayafikie majani. Kondoo kwato zake ni dhaifu, na ng'ombe hajui kazi hiyo vizuri. Basi farasi walitangulizwa. Wakafukua, wakala ncha za majani, wakapita. Nyuma yao wakaja ng'ombe na kondoo, wakala yaliyobaki. Mtu mwenye kondoo wengi bila ya farasi alikuwa maskini asiyejua bado kuwa ni maskini.

Kulikuwa na adui mmoja aliyemshinda hata farasi. Theluji ikiyeyuka kidogo, kisha ikagandishwa ghafula, juu ya majani huwa tabaka ya barafu ngumu kama kioo. Baridi ya namna hiyo huitwa zud, nayo iliweza kumfilisi tajiri katika majuma machache.

Kwa sababu hiyo safari zao zilikuwa na mpango. Kila ukoo ulijua njia yake na visima vyake. Baridi ilipokaribia, wengi walishuka kwenye nchi iitwayo Ardhi Nyeusi. Jina hilo, kama wasemavyo, limetoka katika uchache wa theluji, maana nchi huonekana nyeusi wakati kwingine kote ni kweupe. Majira ya joto waliiacha ipumzike, hata majani yakaota tena.

Watu wa namna hii hawahamishwi kwa amri bila ya msiba. Januari 1771, wakiona malisho yao yanamegwa na walowezi, na mamlaka ya Urusi yanawabana, zaidi ya watu 150,000 walimfuata mtawala wao Ubashi warudi mashariki. Waliokuwa magharibi ya Volga walibaki, kwa kuwa mto haukuganda wakaweza kuvuka. Wale waliokwenda walipigwa njiani, wakakosa maji, na mifugo ikafa. Walio wengi hawakufika. Waliofika mpaka wa China walikuwa karibu mikono mitupu, na mfalme wa huko ndiye aliyewapa wanyama wa kuanzia upya.

Waliobaki ndio Wakalmiki tunaowazungumzia. Nao tarehe 28 Desemba 1943 serikali ya Stalin iliwashtaki wote kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakubwa kwa wadogo, ikawapakia katika magari ya mizigo ya reli mpaka Siberia. Wanyama walibaki wakilia mazizini. Wengi walikufa kwa baridi na njaa, na ruhusa ya kurudi haikupatikana mpaka 1957.

Waliporudi, ufugaji ulikuwa wa mashamba ya serikali. Ardhi Nyeusi ilijazwa kondoo wa sufu laini, wenye kwato kali na wenye kula hata mizizi, nao walilishwa humo mwaka mzima, kiangazi na baridi. Mahali pengine palilimwa kwa plau. Mchanga ukafunuka, upepo ukauchukua, na kufika miaka ya 1980 jangwa lilikuwa limeenea. Baada ya 1990 makundi yalipungua sana, kwa shida za fedha zaidi kuliko kwa hekima, na majani yakaanza kurudi juu ya mchanga. Katika somo letu la jiografia, neno kutangatanga tumelifuta ubaoni.