Petroli ya Gari la Kale

Mwenye Land Rover ya miaka ya sitini pale Madogo, Kenya, hana pampu mbili za kuchagua. Vituo vyote huuza petroli isiyo na madini ya risasi. Kenya iliachana na ile ya zamani yenye risasi kufikia 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Ilikuwa haki kuiondoa, maana risasi hudhuru ubongo wa watoto. Ila risasi hiyo ilikuwa ikikinga siti za vali. Injini ya kale yenye siti laini ikikimbizwa na mzigo mzito, siti hulika polepole, vali hazifungi sawasawa, nguvu hupungua. Dawa ya kudumu ni fundi kuweka siti ngumu anapofungua silinda hedi.

Baya zaidi ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, uhalifu uliofanya serikali itoze mafuta hayo shilingi 18 zaidi kwa lita mwaka 2018. Injini hugonga na kutoa moshi.

Joto nalo huweza kugeuza petroli kuwa mvuke ndani ya bomba, gari likazima. Liache lipoe, kisha fundi asogeze bomba mbali na ekzosi.

Nunua petroli kwenye kituo chenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, dai risiti, epuka ya chupa kando ya barabara.